Tukaribie kwa Kupima: Picha za Vitu Vidogo kwa Kamera ya Kipima-Umbali



Somo letu safari hii ni la kamera. Hatusemi kila kamera. Tunasema ile ya filamu, ya zamani kidogo, yenye dirisha la kuchungulia juu yake na kialama cha rangi katikati ya dirisha, ambacho ndani yake kitu huonekana mara mbili mpaka uzungushe lenzi. Vikundi vingi bado vina kamera ya namna hii kabatini. Nyingine ni Yashica Electro, nyingine Canonet, nyingine aliacha mfadhili wa mradi miaka mingi iliyopita. Ni kamera imara, na nyingi bado zinafanya kazi.

Mtu atauliza: si siku hizi kuna simu? Ni kweli. Mwenye simu yenye kamera nzuri aitumie. Lakini wako vijana walioanza tena kupiga picha za filamu kama kazi, na viko vikundi ambavyo kamera waliyo nayo ni hiyo tu. Kwao filamu ni ghali, haipatikani kila mji, na kila picha iliyoharibika ni pesa ya kikundi iliyomwagika. Kwa hiyo tujifunze kuitumia vizuri, hasa pale inaposumbua zaidi: kupiga kitu kidogo kwa karibu.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili mwanakikundi aweze:

1. Kueleza kwa nini kamera hii hukataa kukaribia kitu.
2. Kutengeneza kioo cha karibu kwa gharama ndogo, na kukipima.
3. Kupiga picha ya jani, mdudu, mshono au risiti ikatoka safi.

1. KWA NINI TUNAHITAJI PICHA YA KARIBU

Picha ya kikundi kizima kimesimama mbele ya tangi la maji ni nzuri, lakini haithibitishi mengi. Mara nyingi jambo lenyewe ni dogo.

Chukueni viwavijeshi vamizi, wale waliofika Afrika mwaka 2016 na kuthibitishwa hapa Kenya mwaka 2017. Wako viwavi wengine kwenye mahindi, wakiwemo wale wanaotoboa mabua, na kwa mbali wote wanafanana. Huyu mvamizi anajulikana kwa alama mbili: usoni ana mstari mweupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za mraba. Afisa wa kilimo akiona alama hizo atajua la kusema. Asipoziona atakisia, na dawa ya kukisia ni hasara kwa shamba na kwa mfuko.

Kiwavi aliyekomaa ana urefu wa sentimita 3 hadi 4. Sasa tufanye hesabu. Mkipiga kiwavi wa sentimita 3 kwa lenzi ya milimita 50 kutoka mita 1, kwenye filamu atakuwa na milimita 1 na nusu hivi. Mkisafisha picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15, kiwavi atakuwa kama punje ya mchele. Y iko wapi hapo? Haionekani.

Ni vivyo hivyo kwa kiondo. Mnunuzi wa mbali hataki tu kujua kwamba ni kiondo. Anataka kuona ususi umebana namna gani, na ngozi imeshonwa vipi kwenye mdomo. Na mweka hazina anayehitaji nakala ya risiti hawezi kupeleka picha ambayo tarakimu zake hazisomeki.

2. KAMERA HII INAONAJE?

Fanyeni jaribio hili mkiwa mmekaa. Kila mmoja ainue kidole chake mbali, mkono ukiwa umenyooka, akitazame. Kisha akisogeze polepole kuelekea pua. Mtaona macho yanageuka ndani. Kidole kikifika karibu sana, macho yanachoka na kidole kinakuwa viwili.

Kamera ya kipima-umbali inafanya hivyo hivyo. Ina madirisha mawili madogo, yametengana kwa sentimita chache, kama macho yetu. Dirisha moja linatazama moja kwa moja. La pili lina kioo ndani kinachogeuka. Mnapozungusha lenzi, kijiti kidogo ndani ya kamera kinasukuma kile kioo. Picha mbili zikikutana zikawa moja, maana yake lenzi imewekwa kwenye umbali wa kitu kile. Ni kazi ya pembetatu, kama vile mpimaji wa mashamba anavyopima upande wa pili wa mto bila kuvuka.

Lakini angalieni jambo moja muhimu: dirisha mnalochungulia si lenzi inayopiga picha. Ni majirani tu. Kamera inatazama kwa jicho moja na kupiga kwa lingine. Kitu kikiwa mbali, hayo mawili yanakubaliana. Kadiri mnavyosogea karibu, yanazidi kutofautiana. Mkilikumbuka hili, mengine yote ya somo hili yatafuata kirahisi.

3. MATATIZO MATATU UKISOGEA KARIBU

Tatizo la kwanza: lenzi na kipima-umbali vina mwisho. Ili kuona kitu cha karibu, lenzi lazima itoke nje, iwe mbali zaidi na filamu. Lenzi ya milimita 50 ikitazama kitu kilicho mita 1 mbele yake inatoka milimita 2 na nusu hivi. Kwa kitu cha sentimita 50 inatakiwa itoke zaidi ya milimita 5 na nusu, na kwa sentimita 25 itoke milimita 12 na nusu. Mnaona jinsi hesabu inavyopanda upesi? Na kioo kidogo cha ndani nacho kinatakiwa kigeuke zaidi na zaidi, kama macho yetu kwa kidole. Mafundi wa viwandani waliona ni afadhali kusimama mahali. Kamera nyingi za zamani zinasimama kwenye mita 1. Yashica Electro na Canonet zinasimama kwenye sentimita 80. Lenzi nyingi za Leica M kwenye sentimita 70. Mkipita hapo mkaingia ndani zaidi, zile picha mbili za dirishani hazikutani tena, hata mzungushe vipi.

Tatizo la pili: dirisha linadanganya mpaka wa picha. Tuseme dirisha liko sentimita 4 juu ya lenzi. Mkipiga mtu aliye mita 3, picha inashika karibu mita 1 na nusu kwa kimo, na hizo sentimita 4 si kitu. Lakini mkipiga kitu kwa sentimita 50, picha inashika kimo cha sentimita 24 hivi tu, na sentimita 4 zile zile sasa ni sehemu moja ya sita ya picha. Ndiyo maana mdomo wa kiondo unakatwa, wakati dirishani ulikuwa wote. Baadhi ya kamera zina fremu ya mwanga dirishani inayohama yenyewe kurekebisha jambo hili, lakini nayo inasimama pale pale kipima-umbali kinaposimama.

Tatizo la tatu: uwazi unakuwa mwembamba. Mkipiga kwa mbali, vitu vingi vya mbele na nyuma vinatoka wazi. Kwa karibu, ni kipande kidogo tu kinachokuwa wazi, na mbele na nyuma yake ni ukungu. Picha inayoshika upana wa sentimita 36 kwa tundu namba 8 ina uwazi wa kama sentimita 5 tu, mbele na nyuma zikiwa pamoja. Mkikosea umbali kwa upana wa vidole vinne, mmekosa.

4. WENYE VIWANDA WALIFANYA NINI?

Si sisi wa kwanza kusumbuka. Kamera ya Leica, aliyoibuni Oskar Barnack kwenye kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, ilianza kuuzwa mwaka 1925. Mwaka 1932 ikapata kipima-umbali kilichofungamana na lenzi. Tangu mapema watu walitaka kupiga nakala za vitabu, maua na wadudu, na kamera ilikataa kukaribia. Wakatafuta njia, na njia zenyewe zinatufundisha.

Njia ya kwanza ilikuwa kuacha kuchungulia kabisa. Leitz waliuza kifaa chenye miguu minne kinachofungwa mbele ya kamera. Miguu ile inafika mezani na kuonyesha pembe nne za picha, kwa ukubwa wa karatasi za A4, A5 na A6. Hakuna kutazama dirishani, hakuna kukisia. Weka karatasi kati ya miguu, piga. Hii ndiyo njia tutakayoiiga.

Njia ya pili ilikuwa kuivalisha kamera miwani. Kati ya mwaka 1956 na 1968 Leitz walitengeneza lenzi ya milimita 50 iitwayo Summicron yenye sehemu mbili za kuzungusha: moja ya kawaida, nyingine ya karibu mpaka sentimita 48 hivi. Ukitaka kuingia sehemu ya karibu unapachika juu ya lenzi vioo viwili, vinavyokaa mbele ya madirisha ya kamera kama miwani puani. Vioo hivyo vinapinda njia ya mwanga, ili dirisha na lenzi vikubaliane tena. Miwani ya namna hiyo ilirudi mwaka 2003 na lenzi ya Macro-Elmar ya milimita 90, ikiwa na kiungo cha kuisogeza mpaka nusu mita.

Njia ya tatu ilikuwa kubadili kamera yenyewe. Kamera zenye kioo ndani, kama Nikon F ya mwaka 1959, zilimfanya mpiga picha aone kupitia lenzi ile ile inayopiga. Dirisha na lenzi vikawa kitu kimoja. Kazi nyingi za karibu zikahamia huko.

Hata leo shida haijaisha. Mwaka 2022 Leica walitoa lenzi ya milimita 35 inayofika sentimita 40, lakini kipima-umbali cha kamera bado kinaishia sentimita 70. Kuanzia hapo mpiga picha anatazama kioo cha umeme kilicho nyuma ya kamera ya kidijitali. Vitu hivyo ni vya bei kubwa sana, wala hatuvitaji ili mkavitafute. Tunataka muone kwamba hata tajiri, akifika mahali kipima-umbali kinapoishia, lazima atafute njia nyingine ya kujua umbali. Sisi njia yetu ni tepu ya fundi wa nguo.

5. SISI TUFANYE NINI: KIOO CHA KARIBU

Kipo kioo kinachofungwa mbele ya lenzi ili kamera ione karibu. Kinauzwa kwa nguvu ya +1, +2, +3 na kuendelea. Duka la vifaa vya picha likiwa nacho, nunueni kinacholingana na upana wa lenzi yenu. Kisipopatikana, msivunjike moyo. Miwani ya kusomea inayouzwa sokoni ina nguvu zile zile, kwa hesabu ile ile. Miwani ya +2 ni kioo cha +2.

Hesabu yake ni rahisi. Wekeni lenzi ya kamera kwenye alama ya mbali kabisa, ile inayoandikwa kama namba nane iliyolala. Kisha gawanyeni sentimita 100 kwa nguvu ya kioo. Jibu ndilo umbali kutoka kwenye kioo hadi kwenye kitu. Kwa lenzi ya milimita 50 inakuwa hivi:

Kioo cha +1: umbali sentimita 100, picha inashika sentimita 72 kwa 48.
Kioo cha +2: umbali sentimita 50, picha inashika sentimita 36 kwa 24.
Kioo cha +3: umbali sentimita 33, picha inashika sentimita 24 kwa 16.
Kioo cha +2 na cha +3 pamoja: umbali sentimita 20, picha inashika sentimita 14 kwa 9 na nusu.

Kama lenzi yenu ni ya milimita 45, ongezeni sehemu moja ya kumi kwenye ukubwa wa picha. Ikiwa ni ya milimita 40, ongezeni robo. Umbali haubadiliki. Namba ya lenzi imeandikwa kwenye pete yake ya mbele.

Basi kiondo kizima kipigwe kwa +2. Karatasi ya A4 pia inaingia kwenye +2. Risiti ndogo na mshono wa ngozi ni +3. Kiwavi ni vioo viwili pamoja: kwenye picha ya sentimita 10 kwa 15 atatoka karibu saizi yake mwenyewe, na alama zake zitaonekana.

Mkitumia miwani, zingatieni haya:

- Chagueni miwani rahisi ya kusomea yenye nguvu moja kote. Ile yenye kipande cha pili chini haifai, wala ile ya mtu aliyeandikiwa na daktari wa macho.
- Toeni kioo kimoja. Upande uliobonyea, ule unaoelekea jicho la mvaaji, uelekee lenzi ya kamera.
- Kikae katikati ya lenzi, kikishikwa na pete ya karatasi ngumu na utepe wa gundi. Kisiguse kioo cha lenzi, kitakwaruza.
- Msizibe kwa utepe kile kijicho cha kupimia mwanga. Kwenye Canonet kiko ndani ya pete ya lenzi. Kwenye Yashica Electro kiko juu, mbele ya kamera.
- Kioo hiki hakipunguzi mwanga, kwa hiyo hakuna hesabu ya ziada.
- Kioo kimoja cha miwani kinaacha pembe za picha na ukungu kidogo. Tundu namba 8 au 11 linapunguza ukungu huo.

Kuhakikisha nguvu ya kioo: simameni ndani ya nyumba, mbele ya ukuta ulio mkabala na dirisha au mlango. Sogezeni kioo kutoka ukutani mpaka miti ya nje ionekane ukutani, midogo na juu-chini, ikiwa wazi. Pimeni kutoka kioo hadi ukuta. Ikiwa ni sentimita 50, kioo ni +2. Ikiwa ni 33, ni +3. Lakini jamani, msitazame jua kupitia kioo hiki, na msikiache juani juu ya nyasi kavu. Kinaweza kuwasha moto.

6. KUJARIBU BILA KUPOTEZA FILAMU

Hili ni la maana sana, nalo halina gharama. Kamera ikiwa haina filamu, na ikiwa mgongo wake unafunguka wote:

Kwanza, kateni karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, ile ya kunakilia ramani shuleni. Ibandikeni vizuri mahali filamu inapopita, juu ya reli mbili za ndani, iwe imenyooka. Msiguse pazia la shata kwa kidole.

Pili, wekeni shata kwenye herufi B, fungueni tundu lote, na mbonyeze kitufe bila kuachia. Karatasi itaonyesha picha, ikiwa juu-chini. Jifunikeni kitambaa kichwani ili muone vizuri.

Tatu, wekeni gazeti mbele, kwa umbali wa ile orodha. Mtu mmoja asogeze gazeti mbele na nyuma mpaka maandishi yawe makali kabisa. Pimeni umbali huo kutoka kwenye kioo. Huo ndio umbali wa kweli wa kamera yenu na kioo chenu. Ukitofautiana kidogo na orodha, fuateni kipimo chenu, msifuate orodha.

Nne, angalieni pembe nne za picha zinaishia wapi kwenye gazeti. Wekeni alama kwa kalamu.

Sasa tengenezeni fremu. Chukueni waya mnene au fito nyembamba. Tengenezeni mstatili unaozidi kidogo zile alama nne, na mikono miwili ya kuushika mbele ya kamera, kwa urefu ule mliopima. Mikono ifungwe kwenye kipande cha ubao kilicho chini ya kamera, kwa skrubu inayoingia kwenye tundu la stendi. Kila kioo kiwe na fremu yake, na jina lake liandikwe: +2, +3, au 2+3.

Kutoka hapo hamchungulii tena. Wekeni kitu ndani ya fremu, pigeni.

MFANO WA KUJADILI

Kikundi kimoja cha akina mama wasukaji kiliombwa na mnunuzi picha za vyondo vyao, karibu kabisa, ili ususi uonekane. Wakamtafuta kijana mwenye kamera ya kipima-umbali. Kijana alijua kazi: amepiga harusi nyingi, na picha zake za harusi ni safi. Akasogea hadi nusu mita ili kiondo kijaze dirisha. Aliona picha mbili hazikutani, lakini dirishani kiondo kilionekana vizuri, kwa sababu dirisha huonyesha kila kitu wazi. Akapiga filamu nzima, picha 36.

Ziliporudi kutoka kusafishwa, vyondo vyote vilikuwa ukungu, na midomo ya vingi imekatwa. Nyasi zilizokuwa nyuma ya vyondo zilitoka safi, hata ungeweza kuzihesabu. Kamera ilikuwa imesimama kwenye sentimita 80, na kwenye sentimita 80 palikuwa na nyasi. Kufikia wakati walipopata pesa ya filamu nyingine, mnunuzi alikuwa ameshaagiza kwingine.

Akina mama walimlaumu kijana. Kijana aliilaumu kamera. Mwenye kamera alilaumu studio. Lakini hakuna kilichoharibika, si kamera wala studio. Kilichokosekana ni kipimo, na mtu wa kukishika.

7. SIKU YA KUPIGA PICHA

Gawaneni kazi. Mmoja ashike kamera, mmoja kipimo, mmoja apange vitu, na katibu aandike.

1. Chagueni kivuli chenye mwanga mwingi, kwa mfano chini ya ukingo wa paa, saa nne asubuhi. Jua kali linatia weusi kwenye mikunjo ya ususi.
2. Tumieni filamu ya 400 mkiweza. Kivulini kwa filamu hiyo, shata ya 1/125 na tundu namba 11 zinakaribiana na sawa. Kamera inayochagua yenyewe, ipeni tundu 11 au shata 1/125, kulingana na aina yake, na muangalie taa zake za onyo.
3. Lenzi iwe kwenye alama ya mbali kabisa. Ihakikisheni kila mara, maana mkono huisogeza bila kujua. Kipande cha utepe kinasaidia.
4. Kitu kiwe bapa mbele ya kamera. Jani lishikwe na vijiti viwili. Kiwavi awekwe kwenye karatasi, na karibu naye rula, ili mtazamaji ajue ukubwa wake.
5. Kwa vioo viwili pamoja uwazi ni wa sentimita 1 tu na kidogo kwa tundu 11. Elekezeni fremu kwenye kitu muhimu, yaani kichwa cha kiwavi. Pigeni picha ya pili ya mkia.
6. Msiposhika fremu, tumieni tepu au uzi wenye fundo: shikeni ncha moja kwenye kioo, fundo lifike kwenye kitu, kisha uzi uondolewe bila kusogeza kamera.
7. Mkilazimika kutumia dirisha, pimeni kwa rula kutoka katikati ya dirisha hadi katikati ya lenzi. Pangeni picha dirishani, kisha isogezeni kamera kwa kiasi hicho kuelekea upande dirisha lilipo, bila kuiinamisha. Hapo lenzi itakuwa imekaa mahali jicho lenu lilipokuwa.
8. Katibu aandike namba ya picha, kitu, kioo, tundu na tarehe. Filamu ikirudi, kikundi kitajua kipi kilifaulu na kwa nini.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kazi yetu, ni vitu gani vidogo ambavyo picha ingethibitisha? Vitajeni vitatu.
2. Kwa kila kimoja, tutumie kioo cha nguvu gani, na umbali gani?
3. Katika ule mfano, nani angeweza kuokoa zile picha 36 kabla ya kupigwa? Angeuliza swali gani?
4. Nani katika kikundi atatunza kamera, kioo na fremu, na atamfundisha nani mwingine?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, vijana wawili watafute miwani ya +2 na ya +3, na wafanye lile jaribio la ukutani mbele ya wote. Fundi wa mbao aliye kati yenu atengeneze fremu moja. Jaribuni kwa karatasi ya kunakilia kwanza. Filamu inunuliwe wakati kila mwanakikundi ameona kwa macho yake gazeti likiwa kali kwenye ile karatasi.

Mkishaweza hayo, picha yenu ya kwanza iwe ya kitu kinachowasumbua kweli: jani lililooza, mdudu msiyemjua, au mshono mnaojivunia. Ipelekeni kwa anayehusika, pamoja na rula kando ya kitu na tarehe nyuma ya picha. Picha ya namna hiyo afisa hawezi kuirudisha akisema haoni kitu.